Ngamia Mia Moja wa Babu

Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kutukumbusha kwamba tawasifu ni mtu kusimulia maisha yake mwenyewe, na wasifu ni kusimulia maisha ya mwingine. Kuna aina ya tatu ambayo haimo vitabuni, nayo ni wasifu wa uongo. Hiyo niliiandika mimi. Tulipoagizwa insha juu ya mhenga wa ukoo, niliandika kwamba baba yake nyanya alikuwa na ngamia mia moja. Nikapata alama kumi na saba kwa ishirini, na darasa likanipigia makofi.

Ukweli ni kwamba mzee huyo alikuwa mkulima. Hapa Kutulo, katikati ya barabara ya Wajir na Mandera, mtu huulizwa ana mifugo mingapi. Tena katika shule niliyosoma zamani, mtoto mwenye nywele ngumu kama zangu aliitwa "jareer", na neno hilo halikutamkwa kwa heshima. Kwa hiyo ngamia walinifaa. Lakini baada ya makofi yale nilirudi nyumbani, nyanya akaniuliza, "Mjukuu, leo umesoma nini?" Nikashindwa kumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwanza tatizo la tarehe. Nyanya hajui mwaka aliozaliwa baba yake, wala hakuna karatasi. Anachojua ni kwamba alizaliwa ukingo wa magharibi wa mto Juba, karibu na Gobwen, na kwamba bendera ya Waingereza iliposhushwa na ya Waitalia kupandishwa, yeye alikuwa mtoto wa kuamia ndege. Kuamia ni kukaa juu ya dungu shambani na kufukuza ndege wasile nafaka. Sasa fungueni vitabu vya historia: Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya hadi Waingereza walipoikabidhi Italia mwaka 1925. Kazi ya dungu hupewa mtoto wa miaka kumi hivi. Basi alizaliwa kama mwaka 1915. Kumbe mzee huyu alizaliwa chini ya serikali ile ile iliyotawala Wajir na Mandera, kisha akawa mtu wa ng'ambo bila kuhama hata hatua moja!

Wazee wake hawakutoka Juba. Walikuwa Wazigua, kutoka sehemu za Handeni na Pangani katika Tanzania ya leo. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwakumba, wengi wakachukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Benadir wakauzwa utumwani. Waliotoroka walikimbilia msitu wa mto Juba, na hao wakaitwa Wagosha, watu wa msituni. Masimulizi yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Lugha yao haikufa. Mahali tunaposema ki-, wao husema chi-, na lugha yenyewe wanaiita Chizigula. Nyanya akikasirika husema hiyo, na mimi hukimbia kabla sijaelewa.

Sasa kilimo chenyewe, ambacho nilidhani ni kushika jembe tu. Lile jembe fupi linaitwa yaambo, na mtu hulima ameinama. Wakati wa mvua za gu na za deyr, Juba hufurika na maji kujaa kwenye mabonde yaitwayo dhasheeg. Mto ukipungua, maji hubaki bondeni kama chai kwenye bakuli, kisha hukauka polepole kuanzia ukingoni. Mkulima huyafuata na mbegu. Wiki hii hupanda mstari wa kwanza, wiki ijayo mstari wa chini yake, hivyo hivyo mpaka katikati. Ndiyo maana shamba moja laweza kuwa na mahindi ya kuchoma pembeni na mahindi yanayochipuka katikati. Akichelewa, udongo unakuwa mgumu. Akiharakisha, mbegu inaoza, au mafuriko ya pili yanazamisha kila kitu. Kwa hiyo alikuwa na shamba jingine juu, la kutegemea mvua, alilopanda mtama na simsim. Nyanya anasema baba yake alikuwa akiusikiliza mto usiku. Nilicheka. Akaniambia, "Wewe cheka. Maji hayo ni ya kwenu." Ni kweli kabisa: mto Daua unaopita Rhamu na Mandera ni mmoja wa mito inayozaa Juba.

Alioa wake wawili, kila mmoja na sehemu yake shambani. Nyanya ni wa tatu kwa mke mdogo. Nafaka ilifukiwa katika shimo, bakaar, ikakaa miezi mingi.

Miaka ya 1930 ndiyo nyanya hapendi kuisimulia, maana yeye mwenyewe alisimuliwa. Waitalia walikuwa na mashamba makubwa ya ndizi, na Wagosha walikamatwa kijiji kwa kijiji kwenda kulima kwa lazima. Waliita "kolonya". Baba yake alipelekwa huko na mkewe wa kwanza. Shamba lake mwenyewe likaota magugu. Waingereza walipoingia mwaka 1941 aliachwa huru, akarudi, akaanza tena mstari wa kwanza pembeni ya bonde.

Alifariki kabla ya vita. Mwaka 1991 wenye bunduki walifukua mashimo ya nafaka vijijini, la kwake pia, na nyanya akavuka mpaka na watoto hadi kambi za Dadaab. Ndugu zake wengine walichaguliwa kwenda Marekani, wakapitishwa Kakuma mwaka 2002. Wengine walielekea Tanzania, wakapewa makazi Chogo, Handeni, yaani kule kule walikotekwa wazee wao. Sisi tukaja Kutulo kwa sababu baba yangu ni fundi wa kujenga, na hapa palikuwa na kuta za kujengwa.

Insha mpya nimeikabidhi kwa mwalimu wiki iliyopita. Kabla ya kuimaliza nilimuuliza nyanya kama baba yake aliwahi kufuga chochote. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Mbuzi wawili," akasema. "Mmoja aliliwa na mamba."