Haki ya Mzee Katika Mtaa: Somo Kutoka Kariakoo



Watu wengi wakiulizwa ni nani mwenye wajibu wa kumtunza mzee, hujibu upesi: watoto wake. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikutimia. Mtoto aweza kumpa baba yake chakula, nguo na dawa, na bado mzee huyo akadhoofika kwa sababu hawezi kushuka ngazi, hana mahali pa kukaa na wenzake, na akitoka nje anaogopa kupigwa kikumbo na mkokoteni. Chakula ni kazi ya nyumba. Ngazi, barabara na mahali pa kukaa ni kazi ya mtaa mzima.

Tuutazame mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Jina lake latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Nyumba zake za zamani zilikuwa na vyumba pande mbili, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Baraza ile haikuwa pambo. Mzee aliyeamka asubuhi alihitaji hatua chache tu ili awe katikati ya watu. Hapo alisalimiwa na wapitao, alikunywa kahawa, alicheza bao, na alisuluhisha ugomvi wa majirani. Siku asipoonekana, haukupita muda mrefu kabla mtu hajabisha hodi kumjulia hali.

Hatusemi kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Choo cha shimo kilichoko uani kilikuwa taabu kubwa kwa mwenye maumivu ya magoti. Lakini tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi zilivunjwa na maghorofa yakajengwa mahali pake. Biashara ilistawi, na wenye nyumba wengine walipata faida. Hata hivyo baraza ilitoweka, na mbele ya maduka kukajaa bidhaa. Mfikirie bibi akaaye ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, au ambalo lifti yake imeharibika. Watoto wake humletea kila kitu. Je, ni nani amletee watu?

Wataalamu wa afya wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya miji inayowafaa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wa miji 33, Nairobi ikiwa mmojawapo. Mwongozo huo wataja mambo manane: majengo na mahali pa wazi, usafiri, makao, kushiriki katika jamii, heshima, kazi na shughuli za uraia, kupashana habari, na huduma za jamii na afya. Tazama, ndugu msomaji, kwamba hospitali imo katika jambo moja tu kati ya manane.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mzee asiyetembea hupungukiwa nguvu za miguu; miguu ikilegea huanguka; na akivunjika nyonga huenda asisimame tena. Vivyo hivyo upweke hauumizi moyo tu, bali huambatana na maradhi ya moyo, kiharusi na kupotewa na kumbukumbu. Basi kumtoa mzee nje ili azungumze na wenzake ni sehemu ya tiba yake.

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu kuwa mzee mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na hospitali za serikali zimewekewa utaratibu wa kuwatibu bure wazee wasio na uwezo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kutoa pensheni kwa kila mzee aliyefikia miaka 70. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka huo huo, yana vituo vilivyoinuliwa sawa na sakafu ya basi, ili abiria asipande ngazi. Haya ni mambo mema. Lakini dirisha la wazee hospitalini halimfai asiyeweza kulifikia, na kituo kizuri hakimfai asiyeachiwa kiti.

Pengine mtu atauliza: dini yahusiana nini na ngazi na mitaro? Jibu ni kwamba yahusiana sana. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliwaagiza maimamu wasirefushe Sala ya jamaa, kwa kuwa nyuma yao wamo wazee na wadhaifu. Ikiwa ibada yenyewe hupunguzwa urefu kwa ajili ya mzee, sembuse mwendo wa soko? Tena alifundisha kwamba kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni sehemu ya imani. Na husimuliwa kwamba Khalifa Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba sadaka, akaamuru apewe posho kutoka Hazina ya umma. Hakuuliza kwanza kama ni Mwislamu.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye duka aache njia wazi mbele ya duka lake, na kama aweza aweke benchi. Pili, wakaao ghorofani waweke taa na chuma cha kushikia ngazini, na chumba cha chini wapewe wazee kwanza. Tatu, vijana wagawane siku za kuwatembelea wazee wa jengo lao na kuwasindikiza hospitalini. Nne, tusimfanye mzee mgeni wa kulishwa tu, bali tumwombe shauri, na tumwache afundishe watoto anachokijua. Tano, katika mikutano ya mtaa tuwaulize wazee wenyewe kinachowazuia kutoka, maana wao ndio wajuao.

Leo jioni, ukimaliza kusoma, hesabu ngazi zilizopo kati ya mzee aliye karibu nawe na barabara. Kisha umpandie.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwaheshimu wazee wetu kwa vitendo, na atupe watakaotuheshimu tutakapozeeka. Amin.