Vidokezo vya usiku wako wa kwanza wa kuwinda panya kwenye ploti

Marekani kuna watu wanaofunga safari hadi nyikani, wakalala kifudifudi na bunduki yenye darubini, kisa na maana ni kumvizia mnyama mdogo anayechimba mashimo. Ukiwa Gatwekera, Kibera, au Kawangware huhitaji nauli. Mnyama anakuja mwenyewe usiku, anakagua sufuria, kisha anapita juu ya blanketi. Kama ploti yenu imekubaliana kwamba Jumamosi hii lazima kieleweke, soma hapa kwanza.

1. Sahau bunduki. Sheria ya silaha ya Kenya inaihesabu hata bunduki ya upepo kuwa silaha. Manati nayo, kwenye vichochoro vyetu, itampata mtoto wa jirani kabla ya panya. Ni kweli marufuku ya uwindaji ya 1977 haikuwekwa kwa ajili ya panya, lakini haikukupa ruhusa ya kutoboa mabati ya mtu.

2. Mjue unayemwinda. Kuna panya mkubwa wa mtaroni, anayechimba chini ya kuta za udongo. Kuna panya wa darini, mwembamba, mkia mrefu, hodari wa kupanda. Na kuna kipanya kidogo kinachojificha hata ndani ya kiatu. Mkubwa anasikika zaidi, lakini usimdharau mdogo: watafiti walipotega Kibera mwaka 2008, wengi wa wanyama 224 walionaswa walikuwa vipanya.

3. Soma njia zake. Jioni nyunyiza majivu ya makaa kando ya kuta, asubuhi uangalie nyayo. Panya haoni vizuri, hivyo hutembea akigusa ukuta kwa sharubu, usiku baada ya usiku njia ile ile, mpaka anaacha alama nyeusi ya mafuta ya manyoya yake. Hapo ndipo pa kutega. Mtego ulioachwa katikati ya chumba utanasa kidole chako cha mguu.

4. Weka mitego mapema, lakini usiitege. Hiki ndicho kidokezo ambacho wengi hukiruka, halafu wakalaumu mtego. Panya mkubwa huogopa kitu kipya. Akikuta mtego leo ataukwepa, labda siku kadhaa. Basi uweke na chambo ukiwa umelegezwa, mwache ale bure siku tatu, nne. Siku ya siku ikifika, tega yote kwa pamoja, ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Na msinunue mmoja kwa nyumba nzima. Mitego mitano ya mbao usiku mmoja ina faida kuliko mmoja siku tano. Kipanya kidogo ni mdadisi, huyo mtegee hata leo. (Tusiseme panya ni wajinga. Magawa, buku aliyefunzwa Tanzania kunusa mabomu ya ardhini, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020.)

5. Jibini ni ya katuni. Hapa tumia omena, au njugu karanga zilizosagwa, au kipande cha matumbo kilichofungwa kwa uzi ili asikinyakue na kutoroka. Lakini ugali uliobaki ukiwa wazi mezani, na maganda ya mama mboga yamelala mlangoni, kwa nini ahangaike na omena yako? Usiku huo kila chakula kiingie kwenye ndoo yenye kifuniko.

6. Dawa, pole pole. Yule wa spika anayepita akiimba panya, mende, kunguni, viroboto huuza vipakiti ambavyo vingine havina hata jina. Nunua yenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosajili dawa za wadudu na panya, la sivyo iache dukani. Hata dawa halali ina tabu zake: nyingi huua baada ya siku kadhaa, na panya huenda kufia darini, kisha mnanusa wiki nzima. Paka akimla, mmempoteza mwindaji wenu. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na chumba cha futi kumi kwa kumi kina mtoto anayetambaa. Akiitia dawa mdomoni, kimbieni hospitali na pakiti mkononi, msingoje dalili.

7. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na glavu. Katika wale 224 wa Kibera, karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na bakteria wa leptospirosi, ugonjwa ambao Watanzania waliuita homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022; Lindi ya kwao, si hii yetu ya Kibera. Bakteria hao hutoka kwenye mkojo wa panya na kupenya kwenye mchubuko au jicho. Mzoga usiushike kwa mkono mtupu: umwagie maji yenye Jik, ufunge kwenye mifuko miwili isiyovuja. Ukipata homa kali na misuli ya miguu kuuma siku au wiki chache baadaye, mwambie daktari ulishika panya. Asipojua hilo, anaweza kuitibu kama malaria.

8. Ploti nzima au msianze. Nyumba moja ikitega peke yake, panya wanahamia kwa jirani kupitia darini na kurudi mkilala.

9. Asubuhi, zibeni. Panya mkubwa hupita kwenye tundu la sentimita mbili tu, na jike anaweza kuzaa watoto wanane au zaidi kila mara, mimba ikichukua wiki tatu. Msipoziba, mtarudia Jumamosi ijayo. Sukuma waya wa kusugulia sufuria ndani ya shimo, kisha simiti juu; matambara na udongo mtupu atavitafuna. Simiti ni kazi ya mwenye ploti. Mpigieni Jumapili mapema, kabla hamjaondoa mitego, na mtumieni picha.