Bomba la Kuzimia Moto Nyuma ya Bweni

Nyuma ya bweni letu limesimama bomba jekundu la chuma, fupi na nene, lenye midomo miwili. Wengi wetu tumezoea kuanika soksi juu yake, na mimi ni mmoja wao. Muhula huu Mwalimu wa Sayansi alituchagua wanafunzi watatu tumsaidie fundi aliyekuja kulikagua. Napenda kuwaeleza wasomaji tuliyojifunza.

Kwanza, yafaa tujue mwenyewe ni nani. Mabomba ya kuzimia moto yaliyo barabarani hutunzwa na wakuu wa mji au wa maji. Lakini lililo ndani ya kiwanja cha kiwanda, hoteli au shule, mzigo wake ni wa mwenye kiwanja. Zimamoto watalitumia siku ya hatari, lakini si wao wa kulitia grisi.

Fundi alianza kwa macho. Alitazama kama gari la zimamoto laweza kulifikia, akatuambia tufyeke majani. Alikagua vifuniko, minyororo, washa, na hesi za kufungia mpira. Mdomo mmoja haukuwa na kifuniko, na ndani yake tulitoa kokoto.

Kisha alifunga geji kwenye mdomo mmoja. Mshale ukapanda vizuri, nasi tukafurahi. Akasema, "Bado, wanangu. Maji yaliyolala hayasemi kweli."

Akaufungua mdomo wa pili pole pole. Yakatoka maji mekundu ya kutu, tena machache, na mshale ukaanguka karibu na sifuri.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona geji ilionyesha nguvu?"

Alitueleza hivi. Maji yakitulia, presha huwa sawa pande zote mbili za valvu hata ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Yakianza kwenda, hupoteza presha nyingi pale penye wembamba. Basi tukaifuata njia ya bomba mpaka kwenye kifuniko cha chuma karibu na jiko. Chini yake valvu ilikuwa karibu kufungwa. Mtu aliyetengeneza bomba zamani alisahau kuifungua tena.

Fundi aliizungusha mpaka mwisho, nasi tukarudi. Safari hii maji yaliruka mbali! Aliyaacha yaende mpaka yakawa meupe. Kanuni za NFPA za Marekani zasema bomba la namna hii lifunguliwe kabisa kila mwaka, maji yaende kwa muda usiopungua dakika 1. Huko kwenye baridi kali, maji yanayobaki ndani baada ya kufunga hayana budi kutoka katika dakika 60, yasije yakaganda na kulipasua.

Alifunga pole pole vile vile, maana maji yakizuiwa ghafula hupiga bomba kama nyundo. Mwisho alitia grisi, akarudisha vifuniko, akaandika katika daftari tarehe, presha, na kazi iliyofanywa.

Katika bweni lile tunalala wavulana 72. Usiku ule sikupata usingizi upesi, nikifikiri tumelala siku ngapi kando ya bomba lililopakwa rangi nzuri lakini halina maji ya kutosha.

Ndugu zangu, tusianike nguo pale, tusitie mawe, tusichukue vifuniko. Na kila mtu akitengeneza bomba shuleni, tumwulize kabla hajaondoka: je, valvu umeifungua? Tahadhari kabla ya hatari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu