Viatu vyangu vinalika upande wa nje

Swali: Nasukuma mkokoteni Likoni, kupanda na kushuka feri. Viatu vyangu hulika upande wa nje, na jioni ukingo wa mguu huniuma. Je, soli za kuweka ndani ya kiatu zitanifaa? – Msomaji, Likoni

Jibu: Zitakufaa ukichagua vizuri. Mguu unaoelemea nje aghalabu una upinde wa juu na ni mgumu, hivyo haupunguzi vyema kishindo cha hatua. Uzito huangukia ukingo wa nje, na kifundo huteguka upesi, hasa kwenye mteremko wa feri.

Jipime: lowesha wayo, kanyaga sakafu kavu. Alama ya kisigino na ya vidole zikiunganishwa na mstari mwembamba sana, upinde wako uko juu.

Usinunue soli ngumu iliyoinuliwa upande wa ndani. Hiyo ni ya nyayo bapa, na yaweza kukusukuma nje zaidi. Tafuta laini, inayokumbatia kisigino, yenye mwinuko wa milimita chache upande wa nje. Iweke katika kiatu kizima, kwani kilicholika kitakuinamisha vilevile. Anza kwa saa moja au mbili kwa siku, na unyooshe misuli ya shavu la mguu kila jioni.

Soli hupunguza maumivu, haibadilishi mfupa. Ukiwa na kisukari au ganzi, au mguu mmoja umeanza kupinda karibuni, usingoje: muone daktari wa mifupa katika Hospitali Kuu ya Pwani. Miguu ndiyo riziki yako, itunze.