Gauni hilo umemshonea nani?

*Shikamoo Mama. Nina miaka 37, ni mhasibu, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Mwili wangu ni mkubwa. Desemba mdogo wangu anaolewa, na mimi ndiye dada mkubwa, nitakaa meza ya mbele. Safari hii nataka nguo ya mbunifu, nguo ya maana, siyo dera. Madukani Masaki wananiambia saizi yao ya mwisho ni 14. Nikaagiza gauni mtandaoni, lilipofika likagoma kwenye nyonga. Mwishowe nikanunua lesi Kariakoo nikampelekea fundi. Sikutaka anipime pale barazani, kwa hiyo nilimpa gauni langu la mwaka 2019, kabla sijamzaa huyu wa pili, achukue vipimo humo. Ameniharibia lesi yote, zipu haifungi. Nitajie wabunifu wanaojua kutuvisha sisi wanene, na mishono inayotupendeza. Fedha nimeshaweka.*

*Dada wa Bibi Harusi, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata nusu nzima. Niliyoyatoa ni majina ya maduka na bei. Sentensi moja nimeiacha kama ulivyoiandika, na ndiyo iliyonikalisha chini kukujibu: ulimpa fundi gauni la mwaka 2019 achukue vipimo humo.

Nakuuliza kama mama: gauni hilo la lesi umemshonea nani? Aliyevaa lile la 2019 alikuwa hajabeba mimba ya pili wala hajanyonyesha mtoto huyo. Fundi alipima alichopewa, akakata alichopima, akashona alichokata. Angekuja yule mwanamke wa 2019 kulichukua, lingemkaa. Umekuja wewe. Usimseme tena fundi huyo kwamba amekuharibia lesi. Hakuiharibu. Ulimficha jambo moja ambalo kazi yake yote inasimama juu yake, kisha ukamlaumu kwa kutolijua. Kama bado anakudai ujira wake, kamlipe.

Hapo nimekukemea vya kutosha. Sasa tuzungumze kuhusu hiyo baraza.

Napajua barazani kwa fundi. Unasimama umeinua mikono kama mtu anayekaguliwa getini, fundi anazungusha futi, halafu anamtajia namba kwa sauti kijana wake mwenye daftari. Kifua 46. Kiuno 42. Nyonga 54. Pembeni yupo jirani anayesubiri sare za shule za wanawe, na kwenye hiyo 54 anageuza shingo. Likikupata hilo mara moja, mara ya pili unatafuta njia ya kulikwepa, na wewe njia umeipata: umetuma nguo iende badala yako. Sikulaumu kwa kuona haya. Nakulaumu kwa kuiacha haya hiyo ikukatie kitambaa.

Mama yangu alishona nguo Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa cherehani ya kukanyaga. Alikuwa na daftari la vipimo lenye jalada gumu, na nilipojua kuandika vizuri kazi hiyo ikawa yangu. Jina, kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu, na mwisho wa mstari, kila mara, tarehe. Nikiisahau tarehe alinirudisha. Mteja akirudi baada ya miezi sita, mama hakuugusa mstari wa zamani hata kama mteja mwenyewe aliapa kwamba hajabadilika. Alimsimamisha, akampima upya: mstari mpya, tarehe mpya. Walikuwemo wanawake wenye mistari kumi na zaidi, na nilipokua nikawa naweza kuyasoma maisha yao humo. Hapa alikuwa mwari, hapa amezaa, hapa aliugua akakonda, hapa amepona akarudi mwilini, hapa mabega yameanza kushuka kwa utu uzima. Hapakuwa na mstari uliokuwa kosa. Kila mmoja ulikuwa sahihi kwa tarehe yake, na tarehe ikishapita haukufaa kukatia nguo hata kama mwenyewe aliupenda sana. Na mama alipimia ndani, nyuma ya khanga iliyotundikwa mlangoni, namba akinitajia kwa kunong'ona.

Ninayo imani moja ambayo sitaiacha mpaka nife, nayo nimeitoa katika daftari lile: mwili wa leo ndio wenye haki ya nguo nzuri. Nawaona wanawake wenye kazi zao na mishahara yao wakiuwekea akiba mwili ambao hawanao. Kitambaa kizuri kimekunjwa kabatini kinasubiri apungue. Kazini anakwenda na sketi ya mpira kiunoni, ibadani na dera, harusini na kitu alichoazima kwa shangazi, na ukimuuliza anasema nikipungua nitashona. Namjua mmoja ambaye lesi yake ilikaa imekunjwa miaka mingi mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Wewe ni mhasibu. Unajua maana ya kufanya malipo ya leo kwa hesabu za mwaka uliopita. Mwili ulio nao ndio uliozaa mara mbili, ndio unaoamka alfajiri kuwahi daladala, ndio uliotafuta hiyo fedha unayosema umeiweka, na ndio utakaokaa meza ya mbele mdogo wako akiolewa. Huwezi kuunyima kitambaa ukampa mwanamke ambaye hayupo. Kama daktari amekuambia neno kuhusu uzito, mfuate daktari kwa bidii zote. Hilo lina safari yake, na Desemba haitalisubiri.

Hiyo 14 iliyokufukuza Masaki nayo unaiandika kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Nikuambie namba za namna hiyo zilivyopatikana. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vya nguo vipate saizi za pamoja. Ripoti ya kazi hiyo, ya Ruth O'Brien na William Shelton, ilitoka mwaka 1941. Wanawake wasio weupe waliopimwa hawakuingizwa katika hesabu. Juu ya msingi huo ukatengenezwa mwongozo rasmi wa saizi mwaka 1958, na mwaka 1983 ukaondolewa. Leo kila kampuni inajipangia namba zake. Gauni linaloitwa 16 Uingereza, kwa kawaida Marekani huitwa 12 na Italia 48, na ni gauni lile lile. Mwanamke wa Tabata hajawahi kuulizwa nyonga yake katika hesabu hizo, kwa hiyo namba ya dukani ikikukataa, haijasema lolote kuhusu wewe.

Waliofanikiwa kumvisha mwanamke mnene walianzia kwenye futi. Lena Bryant alikuwa mshonaji aliyehamia New York kutoka Lithuania, akafungua duka lake mwaka 1904 na kujulikana kwanza kwa nguo za wajawazito. Jina lake likaandikwa vibaya benki, Lane, na kampuni ikabaki kuitwa Lane Bryant hadi leo. Walipotaka kuwashonea wanawake wanene, mumewe Albert Malsin, aliyekuwa mhandisi, aliwapima wateja wao wapatao 4,500, akaongeza na takwimu za kampuni ya bima. Alichokiona humo ni kwamba wanene si wa umbo moja. Mmoja unene wake uko nyonga na mapaja huku mabega ni membamba, mwingine uko kifuani huku miguu ni myembamba, mwingine umeenea sawa toka juu hadi chini. Kwa hiyo, mwanangu, unaponiomba "mishono inayotupendeza sisi wanene", mshono huo haupo. Upo unaokupendeza wewe, na siwezi kukutajia, kwa sababu katika barua ndefu kiasi kile hukuniandikia kipimo hata kimoja.

Majina uliyoomba haya hapa. Marina Rinaldi ya Italia ilianzishwa mwaka 1980 na kampuni ya Max Mara kwa ajili ya wanawake wanene. Jina ni la bibi kizee wa ukoo wa Achille Maramotti, mwanzilishi wa Max Mara, bibi ambaye alikuwa mshonaji mjini Reggio Emilia. Christian Siriano yuko New York. Mwaka 2016 mwigizaji Leslie Jones alisema hadharani kwamba hapati mbunifu wa kumvisha kwenye uzinduzi wa filamu yake, *Ghostbusters*. Siriano akajitokeza, na akamshonea gauni jekundu la mabega wazi ambalo dunia nzima ililiona. Mtazame vizuri Leslie Jones: alikuwa nyota wa sinema, na bado milango ilifungwa, na hakujificha. Karibu na sisi kuna Vivo ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2011 chini ya Wandia Gichuru, ikimlenga mwanamke wa Kiafrika. Na hapa Dar wapo wabunifu wetu, kizazi kilichokua na Swahili Fashion Week ambayo Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008. Bei za Italia na New York ni kubwa, na gauni likifika halijakukaa utahangaika kulirudisha. Lakini nenda kwa yeyote kati ya hao. Mbunifu atatoa futi. Duka la mtandaoni litakuomba vipimo vyako kwa sentimita. Hakuna mlango utakaoupita bila kupimwa.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajajaa, nenda kwa fundi. Akiwa yule yule ni vizuri zaidi, umwombe radhi na umwambie ukweli. Mwombe akupimie ndani, na namba aandike bila kuzitamka. Fundi asiyeweza kukufanyia hilo, ondoka uende kwa mwingine. Heshima ni sehemu ya kazi unayomlipa. Vaa sidiria ile ile utakayovaa siku ya harusi, maana kifua kikipanda au kushuka inchi mbili, gauni zima linahama. Apime mkono wa juu pale palipo panene, kwa sababu lesi nyingi hazivutiki, na magauni mengi hukwama hapo hata kabla ya kufika kwenye nyonga. Nyonga aipime umesimama, kisha umekaa, kwani dada mkubwa atakaa mezani saa nyingi na mwili ukikaa hutanuka. Gauni likae kwanza begani na kifuani, kiuno hupunguzwa baadaye. Nguo kubwa za madukani hukosea hapo: zimetanuliwa kila mahali kwa kipimo kimoja, mabega yakaanguka, shingo ikapwaya. Akate kwanza kwa kitambaa cha bei ndogo, ujaribu, uinue mikono, ukae, ucheze kidogo, ndipo aiguse lesi. Bitana iwe ya pamba, Desemba ya Dar unaijua. Kwenye mishono ya ubavuni aache akiba ya inchi nzima kila upande.

Nyeusi inapunguza, mistari ya kushuka inarefusha, shingo ya V inapendezesha kifua. Hayo umeyasikia tangu ukiwa msichana. Yana ukweli wake, lakini ukitaka njano, vaa njano. Vazi la kubana tumbo livae kama unaweza kula pilau nalo hadi usiku.

Lesi iliyoshonwa usiitupe. Fundi anaweza kufungua ubavu wote, akatia kipande cha satini cha rangi hiyo hiyo toka kwapani hadi pindoni, zipu ikafunga. Likikaa vizuri, hilo ndilo gauni lako la kicheni pati, na la harusi ukashone jingine.

Ukimaliza kupimwa, angalia mwisho wa mstari wako kwenye daftari la fundi. Kama hajaandika tarehe, mwombe aiandike. Na lile gauni la 2019 mpe anayelingana nalo, wiki hii, kabla hujanunua lesi nyingine.