Salfa Hulinda, Haifufui Ua: Somo kuhusu Ubwiri Unga wa Mikorosho

Katika toleo hili tunazungumzia salfa. Katika msimu mmoja mradi wetu ulivikopesha vikundi salfa ya kutosha, wakulima wakaipulizia yote, na bado korosho hazikupatikana. Deni likabaki. Mama mmoja mjane, mwenye mikorosho 40, alituuliza mbele ya kikao: "Wanangu, dawa mliyotuletea ilikuwa feki?" Haikuwa feki. Ilichelewa, na waliochelewesha ni sisi.

Ubwiri unga husababishwa na ukungu unaoonekana kama majivu meupe juu ya mmea. Huu ukungu hauna shida na jani lililokomaa. Unatafuta kilicho kichanga: machipukizi, maua, korosho changa na mabibo yake. Mbegu zake husafirishwa na upepo, wala hauhitaji mvua ili kuenea. Huku kusini mikorosho huchipua na kutoa maua kuanzia Juni hivi, wakati usiku ni wa baridi na umande ni mwingi, yaani wakati ule ule unaoufaa ugonjwa. Ua lililoshambuliwa hukauka likawa la kahawia na halifungi korosho.

Wazee wetu wanaukumbuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Si ugonjwa peke yake uliofanya hivyo, kwani kuhamia vijijini kuliwaacha watu mbali na mashamba yao, na bei nayo ilikatisha tamaa. Lakini ubwiri unga, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ulichangia sana. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, ndio waliofanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba unga wa salfa unaweza kuudhibiti.

Sasa tuelewane jinsi salfa inavyofanya kazi, maana hapo ndipo tulipokosea. Chembe za salfa hukaa juu ya ua na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Haziingii ndani ya mmea. Ua likishakufa, hata ukilimwagia mfuko mzima, halifufuki. Dawa za maji kama triadimenoli na heksakonazoli huingia ndani kidogo na hurudiwa kila baada ya siku 21 hivi, lakini nazo hazirudishi ua lililokauka.

Hivyo basi, upuliziaji uanze maua yanapoanza kuchomoza, kabla majivu hayajatapakaa. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mkorosho mkubwa, kurudia kila baada ya siku 14, mizunguko 4 hadi 5. Mama yule wa mikorosho 40 angehitaji kilo 50 kwa mizunguko 5, yaani mifuko miwili ya kilo 25. Mashine ifanye kazi alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo, ili unga ushike. Mpuliziaji afunike pua, mdomo na macho, na asivute sigara karibu, kwa kuwa unga wa salfa hushika moto.

Msimu ule fedha ziliingia Julai, tukatafuta bei nafuu, tukajadiliana kuhusu usafiri, na lori likafika mwisho wa Agosti. Tuliokoa fedha kidogo ya nauli tukapoteza maua. Wafadhili wetu wapendwa, fedha za salfa zinazofika Julai ni kama mwavuli unaoletwa mvua ikishakatika. Tunaomba ziwe zimetufikia ifikapo Machi.

Kwa kamati, ipo kazi isiyohitaji fedha. Mwezi Mei, ondoeni machipukizi yaliyomo ndani na chini ya mikorosho, maana humo ukungu hujificha ukingoja maua. Mikorosho iliyosongamana ipunguzwe. Na jirani asiyepulizia ashawishiwe, kwani upepo haujui mpaka wa shamba. Aidha, msizidishe kipimo kwa kudhani mavuno yatazidi. Salfa inayoanguka ardhini huongeza tindikali, na miaka ikipita udongo wetu wa kichanga huchoka, na mazao yanayopandwa katikati ya mikorosho huathirika.

Kuhusu deni, kikao kiliamua vikundi vile viongezewe msimu mmoja bila nyongeza yoyote. Mama yule alikubali kukopa tena, kwa sharti moja: aione mifuko ghalani kabla ya mwisho wa Mei. Tumeliandika sharti hilo katika mkataba wa kila kikundi. Fomu za kuhesabu mikorosho zimekwisha tumwa kwa kila usharika. Tafadhali zirudi kabla ya tarehe 31 Januari, zikiwa na hesabu ya mikorosho inayozaa tu.