Mdogo wangu, magonjwa hayakaririwi

Swali la leo limetoka Musaga, hapa Bujumbura. Binti amemaliza sekondari, amejiandikisha kozi ya chuo kwa njia ya mtandao kuhusu magonjwa ya binadamu, na kozi yenyewe ni ya Kiingereza. Simu anagawana na kaka yake. Amefungua somo la kwanza, akakutana na majina marefu ya Kilatini, akalifunga. Anauliza: "Dada, nianzie wapi? Nikariri yote?"

Usikariri, mama. Anayekariri magonjwa huishiwa pumzi kwenye herufi B, na mtihani unauliza herufi T. Ugonjwa una mwanzo, una njia uliyopita, una kitu ulichoharibu na una sababu ya kumpata huyu ukamwacha yule. Ukiujua mwendo huo, jina litakaa kichwani lenyewe.

Nikupe mfano wa hapahapa kwetu, maana vitabu vya kigeni vitakupa mifano ya theluji. Wewe unayepita kila siku kando ya ukuta wa jela ya Mpimba huhitaji kuelezwa jela imejaa maana yake nini. Basi mwaka 1995, kwenye jela ya Ngozi, wafungwa walianza kuugua homa kali isiyoeleweka. Nje ya jela nako hali ilikuwa mbaya. Vita vilivyoanza baada ya Rais wetu Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 vilikuwa vimewatoa watu makwao, wakajazana kambini huko milimani kwenye baridi, nguo moja mchana na usiku, sabuni hakuna. Kati ya Januari na Septemba 1997 waliohesabiwa kuwa na dalili za ugonjwa huo walipita 45,000, wengi wao sehemu zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Watu waliuita sutama. Waulize wazee nyumbani, wapo wanaoukumbuka.

Kwenye kozi yako utaukuta kwa jina la tifasi. Angalia usije ukaichanganya na taifodi, maana wanafunzi wengi huangukia hapo. Taifodi huja na chakula na maji machafu. Tifasi hii huletwa na chawa, tena si wa kichwani bali wa mwilini, yule anayejificha kwenye mishono ya nguo.

Sasa uulize ugonjwa huu maswali. Nani mkosaji? Ni bakteria anayeitwa Rickettsia prowazekii. Jina gumu, lakini limebeba watu wawili, Howard Ricketts na Stanislaus von Prowazek, watafiti waliokuwa wakiuchunguza ugonjwa huu na wote wawili ukawaua, mmoja 1910 na mwingine 1915. Nikishajua hivyo, jina halinipotei tena.

Amefikaje mwilini? Chawa anamnyonya mgonjwa, bakteria wanazaliana kwenye utumbo wa chawa mpaka na yeye mwenyewe anakufa, lakini kabla hajafa anaacha kinyesi chenye bakteria juu ya ngozi. Mtu anajikuna, anakisukuma ndani kwa kucha zake. Halafu kuna hili linalonishangaza kila nikilifikiria: chawa hapendi joto la homa. Mgonjwa akichemka, chawa anamhama na kumfuata jirani aliyelala ubavuni. Sasa umeona kwa nini ilikuwa jela, na kwa nini ilikuwa kambi.

Ameharibu nini? Bakteria hawa huingia kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, nayo ikaanza kuvuja. Shika hilo moja tu, dalili zitajipanga zenyewe. Mishipa ya ngozi ikiumia, vipele vinatokea. Ya ubongo ikiumia, kichwa kinapasuka na mgonjwa anaweweseka. Mwenzako aliyekariri ana orodha ya dalili kumi zisizohusiana. Wewe una mshipa mmoja unaovuja.

Na tiba? Dozi moja ya doksisaiklini, miligramu 200. Walioshukiwa kuwa na sutama walipopewa dawa hiyo, vifo vilishuka kutoka asilimia 15 hadi nusu ya asilimia. Lakini dawa haikufua nguo wala haikumaliza vita, ndiyo maana swali la mwisho, kwa nini hawa na kwa nini wakati huu, usiliruke hata kama mwalimu ataliruka.

Maswali hayohayo yapeleke kwenye malaria, kwenye kipindupindu, kwenye kisukari cha shangazi. Peleka hata kwenye magonjwa ya kurithi. Siko seli, ambayo shuleni mliijua kwa jina lake la Kifaransa, haina mdudu wala chawa. Kosa liko kwenye maelekezo ya kutengeneza damu. Kwa nini basi imeshamiri sana Afrika? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtoto aliyerithi kosa hilo upande mmoja tu wa wazazi hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayerithi pande zote mbili ndiye anayeumia. Hebu niambie, hilo nalo la kukariri?

Lakini kabla ya ugonjwa wowote, jua mwili mzima, nikimaanisha mwili usioumwa. Hutaelewa ini lililoharibika kama hujui ini zima linafanya kazi gani. Kozi nyingi za magonjwa huchukulia kwamba hayo umeshayasoma, na hapo ndipo watu wanapoachwa. Siku chache za mwanzo rudia seli, damu, moyo, mapafu, figo na ini, kutoka kwenye daftari lako la biolojia la sekondari, usilidharau. Kisha soma vizuri sura ya namna mwili unavyojibu unapoumizwa: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Dalili hizo nne aliziandika Mroma aliyeitwa Celsus katika karne ya kwanza, na mpaka leo sura hiyo ndiyo inayobeba nusu ya kozi.

Lugha isikutishe. Umesoma biolojia kwa Kifaransa, na istilahi nyingi za kitabibu za Kifaransa na Kiingereza ni ndugu wa damu, mzizi wao ni Kilatini na Kigiriki. Kinachokusumbua si istilahi, ni sentensi za kawaida zinazoziunganisha. Soma kipande, funga simu, halafu mweleze mama jikoni kwa Kirundi au Kiswahili. Akikuuliza "kwa nini?" ukakwama, umejua pa kurudia. Njia hii inashinda kupaka rangi ya njano kitabu kizima, niamini.

Sasa tuje kwenye mega za intaneti. Usitazame kila video kwa ubora wa juu, utamaliza fofeti ya wiki kwa jioni moja. Kozi nyingi zina maandishi ya kila somo. Pakua maandishi kwanza, yasome, ndipo uamue video ipi ni lazima uione, kama ile ya moyo unavyopiga. Pakua mkiwa na umeme na mtandao wa bure mahali fulani, usome baadaye hata giza likiingia. Na kaka yako mwambie mapema saa zako ni zipi. Kaka huheshimu ratiba iliyoandikwa kuliko dada anayelalamika.

Angalia pia saa za chuo. Kozi nyingi za Marekani hufunga kazi ya wiki Jumapili, dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kama chuo kiko upande wa New York, kwetu Buja hiyo ni Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika 59 asubuhi katika majira yao ya baridi, na saa kumi na moja na dakika 59 alfajiri wanapokuwa wamesogeza saa mbele. Usiitegemee hiyo asubuhi. Tuma Jumamosi, maana umeme wetu haujui tarehe za mtu. Na ikitokea umekwama, mwandikie mwalimu kabla ya muda kupita. Andika mistari miwili ya heshima, ukisema uko wapi na kimetokea nini. Wengi wao husikia, ila hawawezi kusikia ambacho hawakuambiwa.

Kuna mambo mawili yatakukuta, nakuonya mapema ucheke badala ya kulia. Kwanza, utajiona mgonjwa. Wiki ya moyo, moyo utakwenda mbio. Wiki ya saratani, kila kipele kitakuwa saratani. Wanafunzi wa udaktari dunia nzima hupitia hapo, na hupita. Kama kuna dalili ya kweli isiyoondoka, nenda kituo cha afya kama mtu mwingine yeyote. Pili, uani watakuita daktari. Utaletewa mguu uliovimba, karatasi ya vipimo, mtoto mwenye homa. Hapo kuwa mkali kidogo. Homa si malaria mpaka kipimo kiseme, na wewe huna kipimo. Jibu lako ni moja: "Twende kituo cha afya, nitakusindikiza."

Kwa maana cheti cha kozi ya mtandaoni hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Ukitaka uuguzi au udaktari, utapita chuo kinachotambuliwa na utasimama wodini, iwe hospitali ya Kamenge au kwingine. Kozi hii itakufanya uingie huko macho yakiwa wazi, na hiyo ni faida kubwa, tena nakuunga mkono kwa asilimia mia.

Basi mwezi wa kwanza usilipie cheti. Soma kwanza, uone kama somo linakupenda na wewe unalipenda. Majukwaa mengine kama Coursera yana fomu ya kuomba msaada wa ada, ijaze bila aibu. Shirika la Afya Duniani nalo lina kozi fupi za bure mtandaoni, nzuri kwa kupasha misuli. Na mdogo wangu, ukiona kozi inadai pesa kabla haijakuonyesha ratiba ya masomo na jina la mwalimu, achana nayo.